Mfadhili wa Kesi ya Wagonjwa Naye Aeleze Bei Yake

Kifaa tiba chenye kasoro hakimuumizi mtu mmoja. Kiungo bandia cha nyonga huundwa kwa wingi na kuwekwa katika miili ya maelfu ya watu. Hata hivyo, mgonjwa aendaye mahakamani peke yake hukutana na kampuni yenye mawakili wengi, wataalamu wa kulipwa na uwezo wa kusubiri miaka. Ndiyo maana ya kesi ya pamoja. Na kwa kuwa kesi hiyo nayo ni ghali, huingia mfadhili: kampuni isiyoguswa na madhara, inayolipia kesi kwa makubaliano kwamba wadai wakishinda itachukua sehemu ya fidia, na wakishindwa fedha yake imepotea.

Nchini Uingereza, kugharamia kesi ya mwingine kwa kutazamia faida kulihesabiwa kosa kwa karne nyingi, hadi sheria ya mwaka 1967 ilipolifuta kosa hilo. Hofu ya watunga sheria wa kale haikuwa ya kipuuzi, lakini marufuku yao yaliwaacha wasio na kitu nje ya mlango wa mahakama. Hatari ya kudai ni kubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini London ilitoa hukumu katika shauri la wagonjwa 312 waliodai kwamba kiungo cha nyonga cha kampuni ya DePuy, ambacho chuma chake husuguana na chuma, kilikuwa na kasoro. Walishindwa. Katika nchi ambamo aliyeshindwa kwa kawaida hubeba gharama za aliyeshinda, ni wagonjwa wangapi wangethubutu kudai bila mtu wa kuwakinga?

Lakini kinga hiyo ina bei. Wasimamizi 555 wa vituo vya posta walioishitaki Post Office ya Uingereza kwa sababu ya mfumo wa kompyuta wa Horizon hawakuwa wagonjwa, ila hesabu yao ni funzo kwa kila mdai. Desemba 2019 walipatana kwa pauni milioni 57.75, baada ya gharama za kesi na malipo ya mfadhili, zilibaki takribani pauni milioni 12. Bila mfadhili, huenda kesi isingefika mwisho. Kwa kuwa naye, sehemu kubwa ya fedha haikuwafikia walioumizwa. Kauli zote mbili ni za kweli, na anayetaja moja tu hasemi ukweli wote.

Zaidi ya bei, kuna swali la nani mwenye kauli. Mwaka 2016 Walter Merricks aliishitaki Mastercard kwa niaba ya walaji takribani milioni 46, kwa dai lililokadiriwa kuwa pauni bilioni 14. Alipokubali suluhu ya pauni milioni 200, mfadhili wake, Innsworth, aliipinga kwa kuiona ndogo mno. Mahakama ya rufaa za ushindani iliidhinisha suluhu hiyo mwaka 2025, ikatenga pauni milioni 100 kwa ajili ya walaji. Ilibidi majaji wasimame kati ya mwenye fedha na wenye haki.

Wapo wasemao kuwa masharti makali yatawafukuza wafadhili na kuwarudisha wagonjwa pale walipokuwa. Hoja hiyo ina uzito dhidi ya marufuku, si dhidi ya uwazi. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2020/1828, linalohusu pia dawa na vifaa tiba, halikukataza ufadhili. Lilitaka mfadhili asiyumbishe maamuzi ya kesi isivyostahili, wala asigharamie kesi dhidi ya mshindani wake wa kibiashara.

Wahudumu wa afya wanalo neno la kuongeza hapa. Kwao, saini ya mgonjwa aliyefichwa hatari za upasuaji si ridhaa. Mkataba wa ufadhili upimwe kwa kipimo hicho hicho. Mgonjwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa: mfadhili atachukua kiasi gani, nani ataamua kukubali au kukataa suluhu, kesi ikishindwa nani atalipa, na nani ataruhusiwa kusoma jalada lake la matibabu.

Nchini Tanzania, Amri ya I, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai humruhusu mtu, kwa idhini ya mahakama, kufungua shauri kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale. Lakini idhini hailipi wakili wala haimleti shahidi mtaalamu. Atakayelipa atatafutwa, na maswali hayo manne yatakuja pamoja naye. Wakati huo usisubiriwe. Hospitali inayoandika katika jalada la kila mgonjwa aina na namba ya toleo ya kifaa alichowekewa, na isiyotoa jalada hilo bila ridhaa yake, imekwisha kumpa ushahidi ambao hatalazimika kuununua kwa sehemu ya fidia yake.