Mwacheni Mfiwa Afume

Mwanamke amefiwa na mumewe. Wageni wameondoka, turubai limekunjwa, masufuria ya kukodi yamerudishwa. Usiku haupiti, basi anatafuta uzi na sindano, anaanza kufuma kitambaa cha meza. Siku moja jirani anapita, anakishika, anakisifu, kisha anasema: "Dada, hii ni pesa! Weka status, utapata oda."

Naipinga kauli hiyo kwa nguvu zangu zote. Tumeaminishwa kwamba kila kipaji lazima kilipe, na kwamba mkono usioingiza kitu unapoteza muda. Semina za vijana zinahubiri hivyo, redio nazo kila asubuhi: changamkia fursa. Sasa hata majonzi ya mtu tumeyafanya fursa.

Mfiwa yule hafumi kwa kuwa anahitaji kitambaa. Anafuma kwa sababu saa nane usiku, kuhesabu vitanzi kunaipa akili kitu cha kushika. Akikosea, anafumua. Akitaka kulia, analia, uzi unamsubiri. Akishaingia mteja, rangi inachaguliwa na mteja, tarehe inapangwa na mteja, na kosa linakuwa hasara. Jioni atakayoshindwa kushika sindano, maana huzuni haina ratiba, atajiona mzembe. Mahali pake pa kupumulia pameshageuka deni.

Mshairi Abdilatif Abdalla wa Kenya alihukumiwa kifungo mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alikuwa akimwandikia mteja gani? Nitaambiwa kwamba diwani ya mashairi hayo, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973, ikapata na tuzo. Ni kweli, na ni heri yetu sisi wasomaji. Lakini karatasi zile zilikuwa za kufichwa, na mashairi yalikuwa yameshamfaa mwenyewe kabla hayajamfikia mchapishaji. Shaaban Robert naye alimlilia mkewe Amina kwa shairi, kwa sababu Amina alikuwa amekufa.

Huko Marekani, mwaka 1986, watafiti James Pennebaker na Sandra Beall walitoa utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya mambo yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo si kubwa, wala si ya kila mtu. Sawa. Hata hivyo, hakuna aliyeambiwa auze alichoandika.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya walioshiba, kwamba mjane ana ada na kodi ya nyumba. Anazo. Basi auze maandazi, auze sabuni, na akiamua mwenyewe kuuza vitambaa, tumnunulie bila kuomba punguzo. Ninachokikataa ni sisi kumwamulia. Tena nina shaka na haraka yetu: "uza" ni rahisi kutamka kuliko "usiku unalalaje?" Tunamtajia biashara kwa sababu tunaogopa kukaa na kilio chake.

Ukimkuta mfiwa na uzi mkononi, vuta mkeka ukae. Muulize habari za marehemu. Ukijua kufuma, omba sindano ya pili.