Jina la Ukoo ni la Ukoo Gani?

Mwalimu wa Kiingereza anapowafunza wanafunzi kwamba Johnson maana yake ni "mwana wa John", huwa amesema kweli, ila hajaimaliza. Huko Uingereza, katika Zama za Kati, Johnson alikuwa mtoto wa John hasa, naye Taylor alikuwa mshonaji. Leo babake Johnson huenda ni Peter, na Taylor hajui hata kutunga uzi sindanoni. Jina lililomweleza mtu mmoja liligeuka urithi wa vizazi.

Desturi hiyo ilitufikia pamoja na ukoloni, ikatua katika fomu zetu chini ya maneno "jina la ukoo". Hapo ndipo utata ulipo. Tutazame Parklands, hapa Nairobi. Katika nyumba moja ya Wasikh, kaka huitwa Singh na dada Kaur. Hospitali ya M.P. Shah imebeba jina la Meghji Pethraj Shah, lakini akina Shah ni wengi, na si wote walio ndugu. Jirani yao Mkikuyu naye huandika jina la babake, ilhali ukoo wake hasa, tuseme Anjiru, haukuulizwa na fomu.

Barabara ya Forest, inayopita kando ya mtaa huo, sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa wa ukoo huo wa Anjiru. Alizaliwa Wangari, binti Muta. Alipoolewa akachukua jina la mumewe, Mathai. Walipotalikiana, mume alitaka aliache. Mama huyo aliongeza "a" moja tu, akawa Maathai, na ndivyo alivyotambuliwa alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Yeye aliichagua herufi yake. Mwanafunzi ambaye herufi yake imeongezwa au kudondoshwa kwa uzembe wa mwandikaji hakuchagua lolote, na huenda mzazi wake akalazimika kutafuta wakili na hati ya kiapo ili cheti kikubalike.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tusimsute mtoto kwa kuwa jina lake la mwisho si la nduguye. Tumwulize maana yake na aliyempa, kisha tuliandike sawasawa na cheti chake cha kuzaliwa. Fomu ni ya serikali. Jina ni la mwenyewe.