Mteremko wa Kilimanjaro Uingie Katika Hesabu

Barabara ya kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu hupanda takriban mita 1,000. Madereva wa abiria wanaujua mteremko wake kwa miguu iliyochoka kukanyaga breki. Mhandisi wa magari naye hana budi kuujua, tena kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Gari la leo haliundwi kwa chuma peke yake. Breki, mota na betri zake huamriwa na programu za kompyuta. Ndiyo maana viwanda vikubwa duniani huanza na kielelezo cha hesabu: gari zima huandikwa kwa milinganyo, likaendeshwa ndani ya kompyuta, ili makosa yaonekane bila mtu kuumia. Programu zenyewe hutokana na kielelezo hicho na hupimwa kwacho. Lakini kielelezo hakijui ila kile kilichotiwa ndani yake.

Tuchukue basi la umeme lenye uzito wa tani 10. Likipanda mita 1,000 hutumia kiasi cha uniti 27 za umeme kwa kuushinda mlima tu, mbali na msuguano wa barabara na upepo. Likishuka, nguvu hiyo haipotei: ama mota huirudisha kwenye betri, ama breki huigeuza kuwa joto. Sasa basi hilo na lichajiwe Marangu mpaka betri ijae, kisha lianze kushuka na abiria. Betri iliyojaa haipokei kitu. Mzigo wote utaziangukia breki.

Mhandisi anayeishi katika nchi tambarare huenda asilifikirie jambo hilo. Anayejua mlima ataandika sharti fupi katika programu: betri isijazwe kabisa huku juu. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

Majirani zetu wamekwisha thubutu. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la Kiira mwaka 2011, na mwaka 2016 Uganda ikaonyesha basi la Kayoola. Kenya ilitangulia: mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 magari ya Nyayo yakaonyeshwa, ingawa hayakufika sokoni.

Nasi hatuko mikono mitupu. Kipo kiwanda cha zana za mashine wilayani Hai, kilichojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria. Lipo shirika la Nyumbu huko Kibaha. Kipo Chuo cha Ufundi Arusha. Wala gharama isiwe kisingizio, kwa kuwa zipo programu za kuundia vielelezo zinazotolewa bure, kama Scilab na OpenModelica.

Tunashauri mambo mawili. Kwanza, vyuo vyetu vizipime barabara za Marangu, Machame, Kibosho na Rombo: miinuko, kona, mizigo na tope la masika, na vipimo hivyo viwe mali ya kila mhandisi anayevihitaji. Pili, Shirika la Viwango lidai kwa kila anayeleta basi la umeme ushahidi kwamba limejaribiwa kushuka mlima kama huu, likiwa limejaa abiria na betri imejaa.

Mteremko usipohesabiwa mezani, utahesabiwa barabarani, na watakaolipa ni abiria.