Mfuko wa Dumuzi Ufike Kabla ya Mavuno

Tangu mdudu aitwaye dumuzi agundulike Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitokea Amerika ya Kati, ameyageuza unga mahindi ya wakulima wetu yakiwa bado ghalani. Mwenye hofu naye huuza gunia kwa bei ya kutupa siku za mavuno, kisha baadaye hununua mahindi yaleyale kwa bei ya kuumiza. Inasikitisha, kwa sababu kinga ipo.

Mfuko wenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje, ukifungwa barabara, huwanyima wadudu hewa. Hufa bila sumu yoyote. Sharti nafaka iwe imekauka, na hata kupima hakuhitaji mashine: tia mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Tunadai mifuko hii ijae maduka ya pembejeo vijijini kabla ya mavuno, si baada. Mabwana shamba nao waonyeshe namna ya kuifunga, na wamwambie mkulima mapema kwamba tundu moja la panya hurudisha hewa, na dumuzi akaendelea na kazi yake.