Salamu kwanza, kamera baadaye

Ndugu mwandishi, mpiga picha uliyemwelezea kwenye makala yako ni wa mjini mno. Njoo Mogitu, huku barabara ya Babati–Singida inapopita chini ya Mlima Hanang. Enzi za filamu za picha 36, mpiga picha wa mnadani hakubofya na kuondoka. Filamu ilienda mjini kusafishwa, kisha yeye akarudi mnada mwingine kumsaka mwenye picha. "Yule kijana wa shuka nyekundu mnamfahamu?" "Huyo mtoto wa shangazi yangu, lete nimpelekee." Hapo anakalishwa, anaulizwa kwao, anapewa habari za msiba na za ng'ombe waliohamishwa. Studio ya Capital Art ya Zanzibar, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ilifuatwa na wateja. Wa kwetu aliwafuata wateja (na madeni yake) kwa miguu.

Siku hizi mgeni anamlenga bibi wa Kibarbaig kwa lenzi ndefu kwa sababu ya vazi lake la ngozi, hata shikamoo hajatoa. Vazi hilo ni heshima ya mwanamke aliyeolewa. Akifokewa, kastahili.

Ombi langu kwa wapiga picha wa zamani wa Hanang: msichome negativu zenu. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 lilizoa nyumba za watu Katesh na Gendabi, albamu zikiwamo. Huenda nakala iliyobaki iko kwenye boksi lako. Itafute, umpelekee mwenyewe.