Jana Ulikula, Mbona Leo Una Njaa?

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la mabati huku Majengo, Goma, ambalo spika zake hazimwachi jirani alale wala mgonjwa apumzike, pasta alishika kipaza sauti akatangaza kwamba dawa ya kweli huponya mara moja. Dawa inayokutaka urudi kila baada ya miezi mitatu, akasema, si dawa, ni biashara. Watu wakaitikia amina. Shemeji yangu, aliyekaa ubavuni pangu, akainamisha kichwa. Alijua anasemwa yeye, na benchi zima lilijua.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa nahesabu. Pasta huyohuyo hutuombea uponyaji uleule kila Jumapili, na kikapu cha sadaka hupita kila Jumapili, tena siku nyingine mara mbili. Hiyo nayo tuiiteje?

Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka mitatu sasa sauti yake inakatika katikati ya maneno. Akisema “watoto, fungueni madaftari”, neno la kwanza linatoka limebanwa kama la mtu aliyekabwa shingo, la pili linakwama, la tatu linachomoka vipande vipande. Lakini mpe wimbo wa kwaya: besi yake inatoka nzima, ileile ya zamani. Basi hukumu ikapita upesi: ana pepo, na pepo mwenyewe anaogopa tenzi. Wengine wakasema anajisingizia, amechoka kufundisha bila mshahara. Hao wa mwisho angalau walitaja tatizo la kweli la nchi hii, ila si lake.

Ugonjwa wake unaitwa disfonia spazimodiki. Koo halina kidonda wala uvimbe. Ubongo ndio unaotuma amri mbovu kwa misuli midogo ya kikoromeo, na nyuzi za sauti zinabanana wakati zinapotakiwa kutetemeka kwa utulivu. Kuongea na kuimba, ubongo hauviendeshi kwa namna moja. Ndiyo maana wengi wenye ugonjwa huu huimba au kucheka bila shida. Pepo gani huyo anayeruhusu kucheka?

Tulianza pale anapoanzia kila mtu wa Goma: famasia ya Birere. Amoksisilini, mara mbili. Kisha asali na tangawizi, kisha majani ya mululuza, machungu hadi machozi. Halafu daktari wa koo, pua na masikio akapitisha kamera nyembamba puani, akaona, akatueleza. Vidonge vipo: klonazepamu ya kulegeza misuli, na triheksifenidili inayotumika kwa magonjwa ya mikazo. Wapo wanaopata nafuu kidogo. Shemeji, cha kwanza kilimlaza juu ya madaftari ya wanafunzi saa nne asubuhi. Cha pili kilimkausha mdomo akawa anatembea na chupa ya maji kama mwendesha baiskeli, na majina ya watoto yakaanza kumtoka kichwani.

Ikabaki sindano. Ni sumu ya botulinamu, kiasi kidogo mno, inayochomwa kwa nje ya shingo hadi kwenye misuli ya nyuzi za sauti ili isibane kupita kiasi. Andrew Blitzer aliijaribu kwa ugonjwa huu huko New York mwaka 1984, na mpaka leo ndiyo tiba inayotegemewa zaidi. Siku za mwanzo sauti huwa ya kunong’ona na maji yanaweza kukupalia. Kisha inatulia. Baada ya miezi mitatu au minne, dawa inaisha nguvu, unachomwa tena.

Hapo kwenye “tena” ndipo watu wanapopatwa na wazimu.

Jirani yetu mmoja alinifokea: “Sumu! Mnataka kumtia mtu sumu shingoni!” Alikuwa ameshika glasi ya pombe ya kasiksi, ya tatu jioni hiyo, na kesho yake atarudia bila kuhubiriwa na mtu. Mwenye kisukari anayehitaji insulini huichoma kila siku. Mwenye kifafa humeza kidonge kila siku, na akikiacha kwa sababu ya mahubiri kama haya, anaanguka motoni. Nani atakayejibu siku hiyo, pasta au spika zake?

Mji huu ungepaswa kuwa wa mwisho kuamini mambo ya mara moja. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, tukajenga juu yake. Mwaka 2021 ikashuka tena mpaka Buhene, tukajenga tena. Hakuna aliyesema nyumba ya kwanza haikuwa nyumba.

Kama ni suala la imani au pesa, mtazameni Robert F. Kennedy Jr., waziri wa afya wa Marekani. Ana ugonjwa huuhuu. Alikwenda hadi Kyoto, Japani, akapasuliwa, akawekewa kipande cha titani kooni, na sauti yake bado inakwaruza. Ukoo wa Kennedy haukuweza kununua tiba ya mara moja; mwalimu wa Majengo ataipata wapi? Diane Rehm, mtangazaji wa redio wa Washington, aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1998. Alichomwa, akarudi kwenye kipaza sauti, akachomwa tena, akaendesha kipindi chake hadi 2016. Kwa kurudia.

Mkitaka kukasirika, sababu zipo. Dawa hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, na friji yangu haijui hata kesho itaamka na umeme au la. Baada ya mapigano ya Januari 2025 hapa Goma, ndege za abiria zilikoma na benki zikafungwa. Anayetaka kwenda kutibiwa mbali anahesabu kwanza vizuizi, kisha dola alizoficha chini ya godoro. Juu ya hayo sijasikia mahubiri.

Tulipotoka kanisani shemeji aliniambia, kwa vipande: “Hu...enda pasta... ame...sema kweli.” Sikumjibu. Tulifika nyumbani, dada yangu akaweka fufu na samaki wa sambaza mezani, na shemeji akanawa mikono.

“Shemeji,” nikamwuliza, “jana ulikula?”

“Ni...likula.”

“Basi chakula cha dada yangu ni cha uongo. Mbona leo una njaa?”

Akacheka. Kicheko kikatoka kizima, hakikukatika popote, na akamega tonge.