Jeraha Lisilotoa Damu

Kiwandani, mashine ikimkata mtu kidole kila mmoja hukimbia: huduma ya kwanza, ripoti, gari la hospitali. Lakini mshonaji anayeamka usiku mkono umekufa ganzi huambiwa ni uchovu tu. Anajipaka dawa ya kuchua, asubuhi anapanda matatu kurudi Athi River kushona. Mimi nasema hilo nalo ni jeraha, na mfanyakazi ana haki ya kufundishwa kulitambua mapema.

Dalili zenyewe si siri. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata huweza kuonya kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Shingo inayokaza kila jioni inatutaka tuangalie urefu wa meza. Na vyanzo vikubwa vya kukumbuka ni vitatu: mkao mbaya, kutumia nguvu kupita kiasi, na kurudia kitendo kilekile saa nenda saa rudi.

Ila kuna mafunzo ambayo siyataki. Watu wanakusanywa ukumbini, wanaonyeshwa picha kwa Kiingereza, wanaambiwa wapige magoti wakiinua mzigo, wanatia sahihi, basi. Baadaye mgongo ukiuma, kosa ni lako, si ulifundishwa? Jamani, mtu atakaaje wima kwenye kiti kisicho na egemeo, na tageti ya saa hiyo bado haijatimia?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haisemi mfanyakazi ajikunje alingane na mashine. Inamtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi. Tena penye wafanyakazi 20 au zaidi, inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Basi mafunzo yafanywe kwa Kiswahili, palepale kwenye mashine, msimamizi akiwepo. Hatari ikitajwa iandikwe, na kamati ipewe siku ya kujibu. Kumfundisha mtu kuona hatari asiyoruhusiwa kuisema ni kumwongezea maumivu.

Makomredi, hili ni letu pia. Mhandisi wa kesho ndiye atakayeamua urefu wa meza. Afisa wa wafanyakazi ndiye atakayepanga tageti na mapumziko. Ukienda atachimenti, kabla ya kuuliza mashine inatoa shati ngapi kwa saa, muulize anayeiendesha anaumwa wapi.